Mwali wa Chumba cha Uani

Hadija mwanangu,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Umetoka sasa hivi kwenda Kichangani kumuaga shangazi yako, na wifi yangu namjua: hatakuachia mpaka umekula, umefungiwa karanga za kupeleka Gairo ambako karanga ndiko zinakotoka, na umesikia upya habari za goti lake. Kwa hiyo nina muda. Jua la alasiri bado linapiga mlimani, nimekaa uani, na naandika kwenye daftari langu la chuo, kwenye kurasa za nyuma zilizobaki tupu.

Mambo ya sabuni na shuka na kutokula vya njiani siyaandiki. Una miaka ishirini na miwili; kama mpaka leo hujui kufunga begi, basi nilishindwa zamani. Naandika jambo moja. Wiki hii nimejaribu kulisema kwa mdomo mara tatu. Mara ya kwanza ulikuwa unapepeta mchele, ukaniuliza, "Mama, mbona unanitazama hivyo?" nikakujibu mchele una mawe. Haukuwa na mawe.

Ni habari ya siku bibi yako alipoanguka. Wewe unaamini alikufa kwa sababu yako. Hujawahi kulitamka, lakini mimi ndiye niliyekuzaa, nakuona. Na kwa miaka minne nimekuacha uamini hivyo, hali najua si kweli. Nimeliandika hapa mwanzoni nisije nikaishiwa nguvu katikati nikaanza tena habari za mchele. Sasa nikueleze lilivyokuwa.

Nilipoanza chuo ulikuwa kidato cha tatu. Mimi nilikuwa nimeshafanya kazi kituoni miaka kumi na moja, naogesha wazee, nawabadilisha, nawalisha, nawafumba macho wakifa. Wenye ugonjwa wa kusahau nilikuwa nao kila siku na sikujua hata ugonjwa wenyewe unaitwaje. Tulisema uzee tu, au akili zimemruka. Wengine walisema karogwa. Chuo kilipoleta stashahada ya malezi ya wazee kwa ajili ya watu walio kazini, Ijumaa jioni na Jumamosi kutwa, miaka mitatu, nilijiandikisha siku ya kwanza. Tulikuwa kumi na tisa, wote tumetoka zamu. Kuna aliyekuwa anasinzia na kalamu imesimama mkononi. Mwalimu wetu, mama mmoja mpole wa Bukoba, akisema, "Mwacheni huyo, nimemwona amekuja na sare ya kazi."

Nilikipenda chuo, Hadija. Sitaki barua hii uisome kana kwamba nakukataza. Siku niliyojifunza kwamba ugonjwa ule una jina, demensia, na kwamba ni ubongo wenyewe unaokonda, si ukaidi wala jini, nilitoka nje nikasimama ukutani nikawalilia wazee niliowagombeza miaka yote ile. Babu mmoja nilikuwa nimempiga kofi mkononi kwa sababu alikula sabuni. Mkono wake mpaka leo naukumbuka, ulivyokuwa mwepesi.

Lakini elimu ilinipa na kiburi. Nilianza kuwa mtu wa kusahihisha. Wenzangu wa zamu nikiwaambia "kitaalamu haiko hivyo." Hata wewe. Ulikuwa unanicheka ukiniita "daktari wa Jumamosi," nami nilikuwa nafurahi moyoni, maana kwenye ukoo wetu hakuna mwanamke aliyewahi kukaa kwenye kiti cha chuo.

Mwaka wa pili wa masomo, mjomba wako Kibwana akamshusha bibi yako kutoka mlimani. Unakumbuka alivyofika na furushi la kanga na kuku mmoja, anatazama nyumba yetu kama duka la watu. Wewe ulikwenda kumkamata kuku. Mimi mjomba wako alinivuta pembeni akaniambia, "Zaituni, wamemkuta alfajiri kwenye shamba la wenyewe anang'oa mihogo, kanga imemvuka. Anasema ni shamba la mama yake. Vijana walishaokota mawe. Neno mchawi limeshaanza kutajwa, na likishatajwa kule juu halirudi. Wewe si ndiye unayesomea mambo haya?"

Nikasema ndiyo, mwache. Kwetu ukoo uko kwa mama na mama ni wa binti yake. Hata nisingesoma angekuja kwangu tu. Lakini ile ndiyo yangu niliisema kwa kifua, kama mtu aliyeulizwa swali analolijua.

Miezi mitatu ya kwanza uliiona. Alivuta geti kuanzia swala ya alfajiri mpaka giza. Alitaka kupanda mlimani kuvuna. Alikuita wewe Mwanahawa, jina la dada yake aliyekufa wakiwa wasichana, na ukimwambia mimi Hadija alilia kana kwamba dada yake amekufa tena pale pale. Wewe ulishinda naye wakati mimi niko zamu, ukiwa unasubiri matokeo ya kidato cha nne, na wenzako wanapita barabarani wamependeza. Hukunung'unika. Mara mbili alitoka tukamkuta, mara ya pili kwenye reli.

Darasani tuliulizana tunafanyaje majumbani. Watu walisema ukweli kwa aibu. Mmoja alikuwa anamfungia baba yake kwa kufuli. Mwingine alikuwa anamfunga mama yake kiunoni kwa kitenge kwenye kitanda, anaacha nafasi ya kugeuka. Mwalimu hakuwasema vibaya. Alituambia, msishindane na mgonjwa, msimkatalie. Ingieni kwenye dunia yake, kwa sababu yeye hawezi tena kuja kwenye ya kwenu. Maneno hayo ni ya kweli. Utafundishwa na wewe, na uyashike.

Wiki ile ile, asubuhi moja nimetoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nikamkuta getini. Nilikuwa nimeshika bakuli la uji nimefunikia kanga. Akanitazama, akatazama bakuli, akainamisha kichwa. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kungwi amesema nitoke?"

Nilielewa mara moja. Bibi yako alikuwa ametusimulia sana, enzi akili zake ziko timamu, jinsi alivyovunja ungo akawekwa ndani misimu miwili ya mavuno, yeye na giza na mwanamke wa kumfunda. Mwali haonwi. Mwali hakanyagi jua. Mwali hapazi sauti hata aumwe na nge. Akitaka kitu anagonga ukuta kwa kidole, polepole, mpaka kungwi asikie. Akisimulia alikuwa anatuonyesha kwa kidole kwenye meza, nasi tunacheka. Wewe ulikuwa mdogo, ukilala katikati ya hadithi. Yawezekana hukuwahi kuisikia mpaka mwisho.

Nikamwambia, "Bado. Mwali hatoki mpaka kungwi aseme."

Akaliacha geti. Akaenda mwenyewe chumba cha uani, akakaa kwenye mkeka akaelekea ukutani. Nikanywa chai nimekaa kitako, mara ya kwanza tangu afike. Nakwambia ukweli, chai ile ilikuwa tamu.

Kuanzia hapo nyumba ikatulia. Ulishangaa, ukaniuliza nimempa dawa gani, nikakueleza: tunamwambia ni mwali, basi. Sikukueleza mengine. Nilikwambia tu asionwe ovyo, usiingie na suruali yako, chakula nitampelekea mimi nimejifunika kanga. Ukasema, "Mama, huku si kumdanganya?" Nami nikakujibu, "Wewe umesomea wapi?"

Nikaandika asaimenti. Swali lilikuwa tutaje desturi moja ya kwetu inayoweza kumsaidia mgonjwa. Niliandika kurasa sita kuhusu mwali. Niliandika kwamba mlango wangu hauna kufuli wala komeo, kwamba mgonjwa anabaki ndani kwa hiari na heshima yake, na kwamba ametulia. Neno hilo nililirudia sana. Mwalimu alinipa alama ya juu kuliko wote. Alinisimamisha mbele, nikasoma, wenzangu wakanipigia makofi, na mapumziko wakapanga foleni kwenye mashine ya kutoa kopi. Yule wa kufuli aliniambia, "Dada Zaituni, umeniokoa na dhambi." Nilirudi nyumbani natembea kama nimevaa joho tayari.

Mlango ulikuwa wazi kweli. Nilikuwa nimemfunga kwa kitu ambacho hakionekani, na kwa sababu hakionekani nilipewa alama.

Hakuwa ametulia, mwanangu. Alikuwa ananyamaza. Alikonda. Aliacha kuimba. Aliacha hata kukuita Mwanahawa, kwa sababu mwali haiti watu. Mimi niliyesomea dalili niliziona zote, nikaziandika kwenye daftari hili hili kama maendeleo. Jana nilifungua ukurasa huo nikasoma mwandiko wangu. Ni mzuri, umenyooka.

Sasa Jumamosi ile. Nilikuwa na mtihani. Asubuhi nilimlisha, nikamwekea wali na maji ndani, nikajifunika kanga nikamwambia, "Mwali, leo kungwi anasafiri. Usitoke, usipige kelele, mpaka nirudi." Akaitikia kwa kichwa. Wewe nikakwambia, "Usiingie kwake. Akiona mtu atataka kutoka, na mimi nina mtihani." Hayo ndiyo maneno niliyokwambia. Yakumbuke vizuri, kwa sababu baadaye kila mtu aliyasahau na mimi nikawaacha wasahau.

Ulikaa hapa nilipokaa, unamsuka rafiki yako Mwanaidi, redio imewashwa chini. Kwa jirani kulikuwa na fundi bati. Saa nne hivi, au saa tano, ukasikia kitu kinagonga. Ukadhani fundi. Kikaacha, kikaanza tena. Mwanaidi akasema fundi huyu mvivu kweli, nyundo hata haina nguvu, mkacheka. Haya yote ulinisimulia mwenyewe wodini, umekaa sakafuni. Ulisema, "Mama, nilisikia. Nilisikia nikacheka."

Nilirudi saa kumi na moja nimefurahi, mtihani ulikuwa mwepesi. Nikaingia na kanga kichwani. Alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, mguu umegeuka ambavyo mguu haugeuki. Wali haujaguswa. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimechubuka mpaka nyama, na ukutani kwenye chokaa palikuwa na alama ndogo ya damu, pale pale pamoja, amegonga kutwa. Macho yake yalikuwa maangavu. Alinivuta kanga akaninong'oneza, "Sikupiga kelele hata kidogo. Mwambie kungwi."

Alikuwa anasubiri nimsifu, Hadija. Nikamsifu. Nikamwambia kungwi atafurahi.

Sikukuambia. Ulipoingia mbio nilikuwa nimeshaifuta ile alama kwa kona ya kanga yangu. Sijui nilifikiri nini. Nilijua maana ya kile kidole kabla sijainama kumshika mguu, na mkono wangu ukaenda ukutani kwanza. Hilo ndilo ninaloliona nikifumba macho.

Nyonga ilikuwa imevunjika. Alikaa siku tisa wodini, mapafu yakajaa, na siku zote tisa aliwanong'oneza manesi. Walisema ana adabu.

Msibani, kule mlimani, wajomba walikaa mkekani wakauliza, kama ilivyo haki yao. Mjomba wako Kibwana akasema, "Ameanguka asubuhi, ameokotwa jioni. Nani alikuwa nyumbani?"

Nikajibu, "Hadija."

Neno moja, na lilikuwa kweli. Ningeongeza mengine kumi tu ungekuwa huru. Mjomba wako akakutazama, akasema watoto wa siku hizi masikio yao yamezibwa na redio. Ukainama. Niliona umeinama kama alivyoinama bibi yako getini, na mimi nikachota mchele wa shughuli nikaanza kuuchagua. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwetu yalimwangukia mjukuu kweli, na hakuwa na kosa.

Kwa nini sikusema? Nimejiuliza sana na majibu yangu yote ni mabaya. Ulikuwa umebaki muhula mmoja. Mwalimu alikuwa ameshaanza kuifundisha karatasi yangu kwa darasa lililotufuata. Ukoo ulikuwa ukijivuna na mimi. Na bibi yako aliletwa kwangu kwa sababu nimesoma; kama elimu yangu ndiyo iliyomlaza sakafuni kutwa nzima, basi bora wale vijana wa mlimani na mawe yao. Nilimaliza. Picha yangu na joho iko sebuleni pembeni ya picha yake, wewe ndiye uliyezipanga, na kila nikifagia napita nimeinamisha uso.

Nimekutazama miaka hii minne. Hujawasha redio tena. Panya akitembea darini unasimama. Nikikohoa bafuni unaniita. Ulipokuja kujitolea kituoni kwetu watu walisema umerithi moyo wangu, nami nikanyamaza. Halafu ukaomba kazi kwenye nyumba ya wazee Gairo, ukapata, ukaomba na chuo cha Jumamosi kule Dodoma, ukapata. Majirani wote wamenipongeza. Lakini najua unaenda kufanya nini. Unaenda kutumikia kifungo changu.

Ningeendelea kunyamaza, usinidhanie vyema. Kilichonisukuma ni simu. Wiki iliyopita alinipigia Mama Nuru, yule mwenzangu wa darasani aliyehamia huko huko unakokwenda. Alikuwa na furaha. Akasema, "Binti yako akija atakuta tunatumia mbinu yako ya mwali. Bibi zetu wanatulia tuli. Hata kopi yako tumeibandika ukutani, ina jina lako." Nikakuona umevaa kanga kichwani, kwenye korido, unamwambia bibi wa watu asipige kelele. Na jina langu liko ukutani.

Leo asubuhi ulipokwenda sokoni nikampigia Mama Nuru nikamweleza yote, kidole na chokaa na kanga. Kisha akasema, "Zaituni, tuko wawili kwa wazee ishirini na watatu. Usiku anabaki mmoja. Tukiiacha hiyo tunarudi kwenye kufuli. Niambie, tufanyeje?" Nakuachia swali hilo kama lilivyo, maana ndilo utakalolikuta Jumatatu, na chuo hakitakujibu. Chuo kitakufundisha mgonjwa anahitaji nini. Halafu kila Jumamosi utakuwa umekaa darasani Dodoma unajifunza kumtunza mtu uliyemwacha Gairo na mwenzako mmoja aliyechoka. Nilidhani mimi peke yangu nilikuwa na aibu hiyo. Wote kumi na tisa tulikuwa nayo.

Mama Nuru ameahidi kuibandua karatasi. Sijui kama ataibandua. Ukifika, itafute ukutani; ukiikuta, ichane, uwaambie ni mwenyewe aliyekutuma.

Sina mawaidha, mwenye mawaidha ni shangazi yako. Niliyoyaona ni machache. Ingia kwenye dunia ya mgonjwa, ndiyo, mwalimu alisema kweli, lakini utazame umeingia kwa faida ya nani. Mimi niliingia kwa sababu nilitaka kunywa chai. Ukiandika kwenye ripoti ya zamu kwamba bibi fulani ametulia, rudi umtazame tena kabla hujaweka kalamu chini. Na siku mtu asiyesoma akikuuliza, "Huku si kumdanganya?" usimwulize amesomea wapi. Wewe ulikuwa na miaka kumi na nane na uliona nilichoshindwa kukiona mimi, mwalimu wangu na darasa zima. Ningekusikiliza bibi yako angevuta geti letu miaka mingine miwili, angetuchosha, angetutukana, angekufa akiwa anapiga kelele. Ningetoa chochote nimsikie akipiga kelele.

Nimempigia na mjomba wako. Jumamosi ijayo napanda mlimani niseme mbele ya wajomba, pale pale alipouliza. Atanifanya atakavyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi kifo kilishapita na bado nilikuwa naficha. Utasikia wamenisema vibaya. Usinitetee, maana utakuwa mbali, na pia hutakuwa na haki.

Nilifikiria kuitia barua hii kwenye begi lako, uikute umeshapita Dumila, mimi niko huku na mlima wangu. Ningekuwa nimekufungia tena bila komeo, ulie peke yako ndani ya basi, usipate wa kumwuliza. Basi nitakupa mkononi ukiingia getini. Isome hapa uani. Mimi nitakuwa chumbani kwangu, na mlango ni huu unaoujua. Sema chochote unachotaka kunisema. Ukitaka kuvunja vyombo, vikombe viko kabatini upande wa kushoto.

Sikuombi unisamehe kabla ya basi la asubuhi. Miaka minne haiishi kwa kikombe cha chai. Labda utaondoka bila kunitazama, na nitakuwa nimestahili. Ninachotaka ukipande nacho basi ni kimoja: ulisikia, mwanangu. Masikio yako yalikuwa mazima. Bibi yako alikuwa hatua nne kutoka kwako na angekuita kwa jina la dada yake, nawe ungekwenda mbio, nakujua. Hakukuita kwa sababu nilimkataza mimi.

Nasikia sauti yako kwenye kona, unaongea na mama wa duka. Unacheka. Nimekaribia kuichana karatasi hii.

Alfajiri, kama utakuwa bado unataka nikusindikize stendi ya Msamvu, usinigongee mlango, Hadija. Niite. Niite kwa sauti, hata majirani waamke.

Mimi mama yako,
Zaituni